Medina: Jina la Mji Lililogeuzwa Damu

Pana biashara mbili zinazofanywa kwa jina la ukoo la Kihispania, Medina, na zote mbili zinauza bidhaa mbovu. Ya kwanza ni ya wachora nembo. Katika maduka ya watalii huko Uhispania, mteja hutaja jina la ukoo wake, naye muuzaji humkabidhi karatasi yenye ngao, kofia ya chuma, simba au mnara, pamoja na maneno machache juu ya mashujaa wanaodaiwa kulianzisha jina hilo. Biashara ya pili haina duka. Hufanywa barazani na katika maandishi ya wapenzi wa Andalusia, ambao wakilisikia jina Medina hawaulizi zaidi: huyu ni Mwarabu kwa damu, na babu yake alikuwa Muislamu aliyebatizwa kwa nguvu. Mchora nembo humfanya kila Medina kuwa muungwana wa Kikristo tangu zama na zama. Mpenzi wa Andalusia humfanya kila Medina kuwa Muislamu aliyepotea. Wanahitilafiana katika kila jambo isipokuwa kosa moja. Wote wawili wanaamini kwamba jina ni damu.

Imani hiyo isichukuliwe kuwa mzaha wa watalii na wasomi wa jioni. Katika Uhispania iliwahi kuwa sheria. Mwaka 1449 mji wa Toledo ulipitisha amri ya kuwazuia Wakristo wa asili ya Kiyahudi kushika vyeo vya mji, na baada ya hapo makanisa makuu, vyuo na vyama vya mashujaa vikafuata mmoja baada ya mwingine, vikidai uthibitisho wa usafi wa damu. Kwa zaidi ya karne tatu watu waliitwa mbele ya makarani kuulizwa majina ya babu na bibi zao, na kwa majibu hayo wakapata au wakakosa kazi, ndoa na heshima. Anayeshika jina leo na kulisoma kama cheti cha damu anaifanya kazi ya karani yule yule, hata kama nia yake ni njema.

Neno lenyewe halina fumbo. Madina kwa Kiarabu ni mji. Tangu Waislamu walipoingia katika rasi ya Iberia mwaka 711, neno hilo lilishikamana na miji mingi, na watawala Wakristo walipoitwaa miji hiyo waliliacha kama walivyolikuta. Medinaceli, katika jimbo la Soria, ni Madinat Salim, yaani mji wa Salim. Medina Sidonia, upande wa Cádiz, ulikuwapo tangu zama za Warumi kwa jina jingine kabla ya Waarabu kuuita mji. Medina del Campo na Medina de Rioseco ziko katika jimbo la Valladolid. Medina de Pomar iko Burgos, kaskazini. Wala Kiarabu hakikulizaa neno hili peke yake. Wataalamu wa lugha za Kisemiti hulihusisha na Kiaramu, ambamo maana yake ya kale ilikuwa eneo lililo chini ya hukumu moja, na Kiebrania nacho kina medina, lenye maana ya nchi au dola. Basi hata kabla halijawa jina la mtu yeyote, neno hili lilikuwa limekwisha kupita vinywani mwa watu wa dini tatu.

Likawaje jina la ukoo? Kwa njia nyepesi mno, ambayo wachora nembo hawapendi kuitaja. Mtu aliitwa de Medina kwa sababu ametoka Medina. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: hakuitwa hivyo alipokuwa Medina, kwani huko kila mtu alikuwa wa Medina. Aliitwa hivyo alipofika Sevilla, Toledo au Salamanca, kama vile mtu asivyoitwa Mpemba na jirani yake wa Wete mpaka avuke bahari. Jina la aina hii hubandikwa na wenyeji wa ugenini. Linaeleza safari ya mtu mmoja kutoka mji mmoja, na halisemi kitu juu ya alichokuwa akisali mtu huyo. Katika mji kama Medina del Campo, uliosifika kwa magulio yake ya karne ya 15 na 16, walipita wafanyabiashara, mafundi, makuhani na watumishi wa kila namna, na kila aliyetoka aliweza kuondoka na jina lile lile. Miji yenye jina hilo ni mingi, nyakati ni nyingi, na waliotoka ni wengi zaidi. Kuwakusanya wote chini ya ngao moja yenye simba ni sawa na kudai kwamba kila aitwaye fundi ni mtoto wa fundi mmoja.

Tena wachora nembo hupenda kumwita Duke wa Medina Sidonia awe shahidi wao, yule aliyeongoza manowari za Mfalme Felipe II dhidi ya Uingereza mwaka 1588. Shahidi huyo anawaponza. Medina Sidonia ilikuwa cheo chake na ardhi yake. Jina la ukoo wake lilikuwa Guzmán. Vivyo hivyo maduke wa Medinaceli walikuwa watu wa ukoo wa de la Cerda. Waliomiliki miji hiyo hawakujiita Medina. Aliyeitwa Medina aghalabu ni yule aliyetoka mjini na mkoba wake.

Hata kama jina lingekuwa na maana moja, bado lisingeweza kubeba damu, kwa sababu Wahispania wa zamani hawakurithishana majina kwa utaratibu ambao watu wa leo wanaudhani. Desturi ya kila mtu kuwa na majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, ilipewa nguvu ya sheria katika karne ya 19, kwa sheria ya uandikishaji wa raia ya mwaka 1870. Kabla ya hapo watoto wa tumbo moja waliweza kuitwa kwa majina tofauti. Mmoja alichukua la baba, mwingine la bibi, mwingine la mjomba aliyemwachia mali. Luis de Góngora, mshairi mkuu wa Córdoba aliyezaliwa mwaka 1561, alikuwa mtoto wa Francisco de Argote; Góngora ni jina la mama yake. Mchoraji Diego Velázquez naye alijulikana kwa jina la mama yake, hali baba yake alikuwa wa ukoo wa Silva. Ikiwa mshairi na mchoraji mashuhuri kuliko wote wa zama zao hawakubeba majina ya baba zao, ni kwa hoja gani mtu afuate jina peke yake, karne kwa karne, akidhani anafuata mshipa wa damu?

Na palipokuwa na hatari, jina lilikuwa kitu cha kwanza kubadilishwa. Teresa wa Ávila, mtawa na mshairi aliyezaliwa mwaka 1515, alikuwa mjukuu wa Juan Sánchez, mfanyabiashara wa Toledo wa asili ya Kiyahudi. Mwaka 1485 babu huyo alikiri mbele ya Inkwizisheni, mahakama iliyochunguza imani za watu, kwamba alikuwa akifuata dini ya Kiyahudi kwa siri, akapewa adhabu ya kutembezwa hadharani katika vazi la aibu. Familia ikahamia Ávila, ikalishika jina la Cepeda, lililotoka upande wa bibi, na watoto wake wakaenda mahakamani kudai uungwana wa kutotozwa kodi. Wakaupata. Siri hiyo ilikaa katika makabrasha mpaka miaka ya 1940, wasomi walipozisoma hati za kesi na kugundua kwamba mtakatifu wa taifa lililojivunia usafi wa damu alikuwa mjukuu wa mtu aliyeadhibiwa kwa damu hiyo. Jina Cepeda halikusema chochote. Lilichukuliwa lifiche, na kazi hiyo ililifanya vizuri.

Turudi kwa Medina, tuwatazame watu wenyewe waliolibeba. Pedro de Medina aliandika mwaka 1545 kitabu cha elimu ya ubaharia kilichofasiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya. Francisco de Medina alikuwa mshairi na mwanachuoni wa Sevilla. Bartolomé de Medina, mfanyabiashara wa Sevilla, alikwenda Mexico katikati ya karne ya 16, na huko Pachuca akaanzisha njia ya kutoa fedha kwenye mawe kwa kutumia zebaki. Hao ni Wakristo. Lakini Samuel de Medina, aliyefariki mwaka 1589, alikuwa rabi wa Thessaloniki katika dola ya Waturuki, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi ambaye fatwa zake zinasomwa hadi leo. Solomon de Medina alikuwa Myahudi aliyepewa cheo cha Sir na Mfalme William III wa Uingereza mwaka 1700, wa kwanza katika watu wa dini yake kupewa cheo hicho nchini humo. Na José Toribio Medina wa Chile, aliyezaliwa mwaka 1852, ndiye mwanahistoria aliyezichimbua kumbukumbu za Inkwizisheni katika nchi za Amerika. Mchora nembo atawaweka wapi hawa? Na mpenzi wa Andalusia, je, atamdai rabi wa Thessaloniki kuwa Muislamu aliyepotea?

Lakini shahidi mzito kuliko wote yuko Salamanca. Katika chuo kikuu cha mji huo alikuwapo Luis de León, mtawa wa Augustino, mshairi na mfasiri, ambaye katika ukoo wake walikuwamo Wayahudi waliobatizwa. Alikuwa ameufasiri Wimbo Ulio Bora kutoka Kiebrania kwenda lugha ya watu, na alifundisha kwamba tafsiri ya Kilatini iliyokubaliwa na Kanisa ilikuwa na makosa yanayoweza kusahihishwa kwa kuirejea asili. Kwa hayo alishtakiwa, akakamatwa mwaka 1572, akakaa gerezani Valladolid hadi mwishoni mwa mwaka 1576. Miongoni mwa washtaki wake wakubwa alikuwamo mwanateolojia Mdominiko wa chuo kile kile. Jina lake ni Bartolomé de Medina, si yule wa zebaki, bali mwingine.

Msomaji apime jambo hili kwa utulivu. Mwenye jina la Kiarabu alisimama upande wa mashtaka, akilinda usafi wa maandiko ya Kilatini. Mwenye jina la kifalme, León, jina la ufalme mmojawapo wa Kikristo uliopigana na Waislamu, ndiye aliyekuwa mshukiwa, na damu yake ya Kiyahudi ilitiwa katika hesabu. Aliyeyasoma majina ya watu hao wawili kama vyeti vya damu angemfungua mshtaki na kumfunga mshairi.

Hapana shaka majina yamewahi kuwa vidonda. Mwaka 1567 ilitangazwa Granada amri ya Mfalme Felipe II juu ya Wamorisko, yaani Waislamu waliokwisha kubatizwa pamoja na watoto wao. Walipewa miaka mitatu kujifunza lugha ya Kastilia, kisha wasiseme wala kuandika Kiarabu tena. Mavazi yao yalikatazwa, hamamu zao zilikatazwa, na majina yao ya ukoo yalikatazwa. Mzee Francisco Núñez Muley, muungwana wa Granada, aliandika waraka wa kuipinga amri hiyo kifungu kwa kifungu. Alipofika kwenye majina, hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye akili iliyopoa: watu wakinyang'anywa majina waliyojulikana kwayo, watajuanaje, na koo zitaulizwaje asili zao? Hakusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka 1568 milima ya Alpujarra iliwaka moto wa uasi, na kiongozi aliyechaguliwa, Hernando de Córdoba y Válor, alilitupa jina lake la Kikristo akajiita Aben Humeya, kwa nasaba ya Bani Umayya. Aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1569, na vita vilikwisha mwaka 1571. Kati ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko, takriban laki tatu, wakafukuzwa katika nchi waliyozaliwa.

Waliofukuzwa walikwenda na nini? Wengi walikwenda na majina ya Kihispania. Mjini Tetuán, kaskazini mwa Morocco, zimeishi koo za Kiislamu zenye majina ya Kastilia, na mmoja wa viongozi wakubwa wa kupigania uhuru wa nchi hiyo, aliyezaliwa huko mwaka 1910, aliitwa Abdelkhalek Torres. Torres kwa Kihispania ni minara. Basi Muislamu wa Tetuán anaitwa kwa neno la Kihispania, na kasisi wa Salamanca aliitwa kwa neno la Kiarabu, na mstari uliochorwa na makarani wa damu ulipita katikati yao bila ya kumjua yeyote. Huko Rabat uko ukoo wa Bargach. Mzanzibari akilisikia jina hilo atamkumbuka papo hapo Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na huenda akaanza kutunga udugu. Asitunge. Bargach wa Rabat limetokana na Vargas, jina la Kihispania lililopita katika ndimi za Kimorocco. Sikio limesikia udugu ambao historia haikuuweka.

Na mbali zaidi, huko Ufilipino, Gavana Narciso Clavería alitoa amri mwaka 1849 kwamba wenyeji wachukue majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyopigwa chapa na serikali, ili kodi na sensa zisimchanganye mtoza kodi. Kurasa za orodha ziligawiwa wilaya kwa wilaya, na ndiyo sababu ikawapo miji ambayo karibu watu wake wote walipata majina yanayoanza kwa herufi moja. Familia nyingi huko zimebeba majina ya Kihispania bila ya kuwa na babu Mhispania. Zilipewa ukurasa.

Watetezi wa damu watajibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, ila imeitwa mahali si pake. Wamorisko hawakuiacha asili yao. Walivuliwa, na waliovuliwa jina wakabaki na lugha, chakula, dua na kumbukumbu mpaka wakavuliwa na nchi. Ikiwa asili ingekuwa ndani ya jina, basi amri ya mwaka 1567 ingefaulu siku ile ile ilipotangazwa. Wala haifuati kwamba jina halina la kusema. Jina Medina linasema mengi kwa anayeliuliza maswali yake: linasema kwamba Kiarabu kiliijenga ramani ya Uhispania kwa kina ambacho wafalme hawakuweza kukifuta, kwamba watu walihama mji kwa mji, na kwamba lugha ya aliyeshindwa ilibaki mdomoni mwa mshindi. Hayo ni makubwa, na yana ushahidi. Anayetaka zaidi ya hayo, anayetaka babu, na aende kwenye daftari za ubatizo, hati za mirathi na kesi za mahakamani, kama walivyofanya waliomgundua Juan Sánchez.

Ubishi huu haujawa wa kale. Mwaka 2015 Uhispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, na mlango wa maombi ukafungwa mwaka 2019. Sheria hiyo haikuwa na orodha ya majina. Ilidai ushahidi wa nasaba na wa uhusiano na nchi, na jina la ukoo lilikuwa dalili moja tu, tena iliyohitaji kuthibitishwa. Hata hivyo orodha za uongo zenye maelfu ya majina zilienezwa duniani, na watu wakajitafuta humo kama wanaotafuta namba ya bahati nasibu. Kwa kipimo cha orodha za namna hiyo, mshtaki wa Luis de León angeweza kuhesabiwa miongoni mwa wahanga kwa kuwa aliitwa Medina. Na jambo linalouma zaidi halikuguswa na orodha hizo: wazao wa Wamorisko hawakufunguliwa mlango kama huo. Wenye mapenzi ya kweli na Andalusia wangekuwa na haki ya kuuliza kwa sauti kubwa kwa nini uhamisho wa mwaka 1492 umeombewa radhi kwa sheria, na ule wa mwaka 1609 haukuombewa. Swali hilo lina uzito. Kuokota majina ya Medina na kuyaita yetu hakuna.

Pwani yetu inapaswa kulisikia jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa nasi tumeumwa na ugonjwa huo. Hapa pia nisba imetumika kumpandisha mtu na kumshusha. Hapa pia mtu amepimwa kwa jina la mji wa ng'ambo ambao huenda babu yake aliutaja kama alivyotaja bandari aliyopitia. Hapa pia yupo aliyelibadili jina lake ili aepuke jina la mtumwa, na yupo aliyelikuta jina la bwana limeandikwa mbele ya la kwake. Aliyeyajua hayo kwa jirani zake hana udhuru wa kuyasahau anapofika Kastilia. Neno lenyewe madina limetufikia kwa njia nyingine, nalo limo katika utamaduni, tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ilikuwa ni kuishi maisha ya mji. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kila Mswahili anayelitamka neno hilo ni Mwarabu. Kipimo hicho hicho apewe na Medina wa Uhispania: aulizwe alitoka mji gani, mwaka gani, na nani aliyemwandika katika daftari, kabla hajafanywa shujaa au mhanga wa mtu.